Kidichi Baada ya Magharibi

Wageni wengi wanaopanda Kidichi, Unguja, hufuata viungo. Hupitishwa mashambani, wakavunjiwa gome la mdalasini, wakanusishwa iliki na kungumanga, wakaingizwa kwenye hamamu ya Kiajemi, na alasiri ikifika wengi wao wameshateremka mjini. Safari yangu ya kwanza huko ilianza hasa saa hiyo wanayoondoka wao. Nilikwenda kutazama popo, tena popo wa kwenye nyumba inayotaka kujengwa upya.

Aliyenialika ni dada mmoja wa Unguja, mtafiti wa wanyamapori aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kisha akaenda Bristol, Uingereza, kuongeza masomo. Akiwa huko alipata kibarua cha majira ya joto: kukaa nje ya nyumba za watu jua linapotua, na koti na kiti cha kukunja, akihesabu popo wanaotoka darini. Mimi huandika habari za ujenzi Dar es Salaam. Nimesoma ramani nyingi na kukaa kwenye vikao vingi vya vibali, na sikuwahi kusikia mtu akiuliza nani analala juu ya dari. Aliponieleza kazi ile nilimwomba anichukue siku atakayoifanya kwao.

Kwa Waingereza ukaguzi huo ni hatua ya ujenzi, sawa na kupima udongo. Sheria yao ya mwaka 1981 inamlinda popo pamoja na mahali anapolala, hata siku ambayo hayumo. Mtu akitaka kubomoa banda au kubadilisha paa, na dalili zikaonyesha kwamba huenda popo wapo, halmashauri husubiri ripoti ya mkaguzi kabla ya kuamua ombi la kibali. Mkaguzi huja kwanza mchana na tochi, akatafuta nyufa na kinyesi. Akiona dalili hurudi jioni, kati ya Mei na Septemba, kwa sababu baridi ikishaingia popo wa kule hulala miezi bila kutoka. Wapo wanaolalamika. Mwaka 2024 mwenyekiti wa mradi wa reli ya HS2 alisema hadharani kwamba jengo la kuwakinga popo na treni, kando ya msitu wa Sheephouse huko Buckinghamshire, linagharimu zaidi ya pauni milioni 100, na magazeti yakawaka moto. Mwenyeji wangu hakuitetea bei ile. Aliniambia tu kwamba ripoti nyingi alizozifanyia kazi ziliishia kwenye ushauri mdogo: subirini mwezi fulani, acheni tundu hapa, msipake dawa ile kwenye mbao. "Kinachokula pesa, kaka, ni kuuliza wakati tingatinga limeshafika."

Boti ilituteremsha kwenye bandari ya Malindi, Unguja, kabla ya adhuhuri. Mjini tukapanda daladala ya 502, inayofuata pwani kwenda kaskazini: Maruhubi, penye magofu ya jumba lililoungua mwaka 1899, Mtoni, penye mabaki ya kasri la Sultani Seyyid Said, kisha Bububu, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa kukifika treni ndogo kutoka mjini, pale Ngome Kongwe. Bububu tukabadilisha gari na kuanza kupanda. Njia inakatiza kati ya minazi na miembe, na kila ukipepesa macho kuna rundo la matofali, mchanga uliomwagwa kando ya barabara, nondo zimechomoza juu ya nguzo zinazosubiri fedha. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 1,303,569 Zanzibar nzima. Ile ya 2022 iliwakuta 1,889,773. Karibu watu laki sita wameongezeka katika miaka kumi, kwenye visiwa vile vile, na Mkoa wa Mjini Magharibi ndio unaopokea wengi. Hakuna mwenye haki ya kuwaambia wasijenge. Mashamba ya eka tatu tatu yaliyogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 yameshagawanywa kwa watoto, kwa wajukuu, na sasa sehemu nyingine zinapimwa viwanja.

Kwanza tulikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo lile. Huwezi kuzunguka mashambani usiku na tochi kichwani bila sheha kujua, na kwa kazi ya popo ndiyo zaidi. Mwaka 1995 hofu ya popobawa, jini anayesemwa kuwavamia watu usiku, ilitanda Pemba na Unguja. Watu walikesha nje kwa makundi, familia nzima kwenye uwanja mmoja na moto umewashwa, na huku mjini mtu mmoja mwenye matatizo ya akili aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Sheha wetu alikuwa kijana wakati ule. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza tutakaa upande gani, mpaka saa ngapi, na kama tutawakamata. Tulipomhakikishia kwamba hatutamgusa hata mmoja, akaandika majina yetu kwenye daftari, akawapigia simu jirani zake wawili, na akatupa kijana wa polisi jamii wa kukaa nasi. Mwenyeji wangu anasema ripoti isiyoanza kwa sheha haina maana, hata ikiwa na michoro mizuri namna gani.

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Tulipiga hodi, tukatoa salamu, tukaitikiwa na kuwekwa barazani kwa kahawa na kashata. Nyumba yake ni ya mawe na chokaa, kuta nene, dari ya boriti za mikoko, na juu yake bati lililochukua nafasi ya makuti miaka mingi iliyopita. Watoto wake wawili wapo Maskati. Wametuma fedha nyumba igeuzwe ya kulaza wageni, vyumba vinne, kwa kuwa watalii wanapita mlangoni kila siku wakielekea hamamu. Fundi ameshapima, bati jipya limeshaletwa, limeegemezwa ukutani na kufunikwa turubai. Kilichobaki ni kuvua paa la zamani. Na ndani ya paa la zamani, tangu mwalimu anakumbuka, wamo popo.

Mwenye madai hasa alikuwa mkewe. "Mwanangu, mimi sina ugomvi na kiumbe cha Mungu," alimwambia mwenyeji wangu. "Lakini maji ya mvua twayakinga kwenye bati hili hili. Na mgeni akilala chumba cha mwisho, asubuhi anauliza harufu hii ya nini. Nimwambie nini?"

"Haki yako, bibi," alijibiwa. "Tuangalie kwanza wanaingilia wapi."

Ukaguzi wa mchana ni kazi ya macho na pua. Tulizunguka nyumba polepole, tukitazama pale bati linapokutana na ukuta. Upande wa machweo, kwenye pembe ya juu, kulikuwa na ufa wa upana wa vidole viwili. Kingo zake zilikuwa na doa la kahawia linalong'aa, doa la mafuta ya manyoya ya viumbe waliosugua hapo kwa miaka. Chini yake, kwenye ukingo wa dirisha, palikuwa na vinyesi vyeusi vidogo. Fundi aliyekuwa pale akasema ni vya panya. Mwenyeji wangu akavaa glavu na barakoa, akachukua kimoja, akakisaga kati ya vidole juu ya karatasi nyeupe. Kikawa unga. Kinyesi cha panya ni kigumu, hakisagiki hivyo. Ndani ya unga ule, alipoupitisha kwenye mwanga wa jua, palimetameta vipande vidogo mno: magamba ya mbawakawa, mabawa ya wadudu yaliyotafunwa. Fundi aliinama akatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kama kila kimetacho ni mdudu mmoja. Si mmoja, aliambiwa; kwa usiku mmoja popo mdogo huweza kula wadudu wa uzito wa nusu ya mwili wake, na mama anayenyonyesha hula zaidi. Huko Limpopo, Afrika Kusini, watafiti wamewakuta popo wakila kunguni wanaoharibu mashamba ya makadamia.

Barakoa si madoido. Vumbi la kinyesi kikavu cha popo linaweza kubeba ukungu unaodhuru mapafu, na mafundi wa paa huwa wa kwanza kulivuta. Hili peke yake linatosha kumfanya mwenye nyumba atake kujua kilichomo darini kabla hajamwambia mtu apande.

Nyuma ya nyumba kuna migomba. Kabla hatujatoka huko, mwenyeji wangu alinishika mkono tusimame. Jani changa la mgomba, lile la katikati ambalo bado limejiviringa na kusimama wima, lilikuwa na mdomo uliofunguka kidogo. Alipanda juu ya ndoo, akachungulia kwa kioo kidogo bila kuligusa jani, kisha akanipisha. Ndani, kwenye giza la kijani, nilimwona popo wa ukubwa wa kidole gumba changu, manyoya ya kahawia, amejibana kwenye ukuta laini wa jani kwa vinundu laini vilivyo chini ya vidole gumba na nyayo zake. Mwenzake alikuwa juu yake kidogo. Nyumba yao hudumu siku chache tu. Jani likikunjuka wanahama. Nimekulia katikati ya migomba na sikuwahi kujua kwamba ina wapangaji.

Tulikuwa na saa moja ya kusubiri, kwa hiyo tukapanda mpaka hamamu. Ilijengwa mwaka 1850 kwa amri ya Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah, aliyekuwa akija huku kupunga upepo na kuwinda. Nyumba waliyokuwa wakifikia imeshatoweka. Limebaki jengo jeupe la kuba, na ndani yake nakshi za plasta za maua na ndege. Nakshi zile zimesimama zaidi ya miaka 170 katika nchi yenye mvua na unyevu kama hii. Nilizitazama kwa furaha kubwa. Nikafikiria pia kwamba jengo hilo lina idara ya mambo ya kale ya kulisimamia, na kila mgeni huelezwa lilijengwa na nani. Na nyumba ya mwalimu, hatua chache chini yake, ina ramani ya fundi peke yake.

Jua lilipoanza kushuka tulijipanga. Mwenyeji wangu aliswali Magharibi ukumbini mara tu adhana ilipokwisha, mimi nikishika zamu ya kwanza. Kisha akaja; mwalimu alikuwa ameshakwenda msikitini. Mimi niliwekwa pembe ya machweo, nimeutazama ufa dhidi ya mbingu, na kihesabio cha kubonyeza mkononi. Kijana wa polisi jamii aliwekwa upande wa pili, yeye na fundi, ambaye hakutaka tena kwenda nyumbani. Masharti yalikuwa machache: usimulike ufa kwa tochi, maana ukimulika watarudi ndani, usisogee, kila anayetoka bonyeza, kila anayerudi mtaje.

Wa kwanza alidondoka. Hakuruka, alijiachia kutoka kwenye ufa, akashuka kiasi cha mita moja hivi, ndipo mabawa yakafunguka na akapita juu ya kichwa changu kwa kasi. Mabawa yake ni membamba, ndiyo sababu huhitaji kudondoka kwanza apate mwendo. Ni popo mdogo mwenye mkia uliochomoza nje ya ngozi ya miguu, anayevumilia joto la chini ya bati. Wataalamu humwita Mops pumilus, na nyumba za bati za Afrika Mashariki zimempa makazi mengi kuliko miti. Baada yake wakaja wawili, watano, kisha mfululizo mpaka kidole kikaanza kuchoka. Kifaa cha kunasa sauti kiliwekwa juu ya kiti kati yetu, ukubwa wa simu. Sikio la binadamu huishia kilohezi 20; hawa hupiga kelele karibu na 25, na kifaa huzishusha sauti zile mpaka tuzisikie. Bustani niliyoiona kimya ilijaa milio mifupi ya haraka, iliyozidi kasi kila mmoja wao alipomkaribia mdudu. Ndivyo wanavyoona: wanatuma sauti, wanapokea mwangwi, wanajua mdudu yuko wapi, anakwenda upande gani, na ana ukubwa gani.

Tulihesabu mia mbili na ushee kutoka pembe yangu, na wachache mno upande wa pili. Giza likakamilika. Nilidhani tumemaliza.

Ndipo kifaa kikatoa sauti nyingine, ndefu na ya kuimba, na kioo chake kikaonyesha takriban kilohezi 140. Mwenyeji wangu akasimama. Huyu alikuwa wa kabila lingine kabisa, popo mwenye pua iliyokunjamana kama jani, mlio wake uko juu sana na hausafiri mbali, maana yake alikuwa jirani. Wakapita wengine, chini chini, kwenye usawa wa magoti yetu, wakikata kati ya mikarafuu. Hakuna hata mmoja aliyetoka kwenye nyumba. Wote walikuwa wakipanda kutoka bondeni.

Tulifuata njia waliyojia, kijana wa polisi jamii akitangulia. Ukaguzi huu sikuwa nimeusoma popote: unakwenda hatua thelathini, unasimama, unasikiliza kifaa, sauti ikizidi unaendelea, ikipungua unarudi. Tulitoka kwenye shamba la mwalimu, tukaingia kwenye kiwanja kilichofyekwa. Vigingi vya mbao vilikuwa vimechomekwa na kamba imeshavutwa, alama ya msingi wa nyumba kubwa. Katikati ya kamba, chini ya kichaka kilichoachwa, palikuwa na birika la zamani la maji, lililojengwa kwa mawe na chokaa, nusu limejaa majani makavu na chupa. Upande mmoja wa kifuniko umeporomoka. Wakawa wanatoka hapo, mmoja mmoja, bila haraka. Mtu aliyepima kiwanja kile mchana aliliona shimo la takataka, na kwa mchana alikuwa sahihi. Popo wa aina hii hutaka giza, unyevu na utulivu: mapango ya mawe ya matumbawe, visima vilivyokauka, mabirika. Huku Unguja mapango mengi yana heshima yake, watu huweka nadhiri humo na hawapendi yachezewe, na heshima hiyo imewahifadhi popo kwa karne nyingi bila kibali wala ripoti. Birika la katikati ya kiwanja halina mzimu wa kulilinda.

Usiku ule tulikaa barazani tukizungumza mpaka chai ikapoa. Kwenye mpera wa jirani kulikuwa na mlio mfupi wa chuma unaorudiwa tena na tena. Nilidhani ni chura, kumbe ni popo wa matunda, dume, anayewaita majike huku akitoa vishungi vyeupe mabegani. Mwalimu alilalamika kwamba hao ndio wanaommalizia maembe. Mwenyeji wangu hakumbishia. Lakini alimweleza kuhusu mbuyu, ambao ua lake hufunguka jioni na kunyauka kesho yake, na popo wa matunda ni miongoni mwa wachavushaji wake wakuu huku kwetu. Akamweleza pia kuhusu doriani, ambayo mwalimu anayo miti yake na huiuza mjini kwa bei nzuri: kwenye kisiwa cha Tioman, Malaysia, watafiti walitega kamera kwenye maua ya doriani wakaona popo wakubwa wakinywa asali ya ua bila kuliharibu, na miti ikazaa. Mwalimu akanyamaza. Kisha akauliza miti yake inachavushwa na nani. Mwenyeji wangu akasema hilo litajulikana kwa kukaa chini ya miti hiyo ikitoa maua, usiku, na akaomba ruhusa ya kuja msimu ukifika. Akapewa palepale.

Kuhusu magonjwa, bibi aliuliza moja kwa moja, na alijibiwa moja kwa moja. Virusi vya Marburg viliua watu Bukoba mwaka 2023 na vikarudi Kagera, wilayani Biharamulo, mwaka 2025. Popo wa matunda wa mapangoni anajulikana kuvibeba. Mwaka 2007 vilipatikana kwa popo wa mgodi wa Kitaka, Uganda, baada ya wachimbaji kuugua. Wanaolala chini ya bati ni wa ukoo mwingine, lakini kanuni ni moja: hawashikwi kwa mkono mtupu, aliyeanguka haokotwi na mtoto, na mtu aking'atwa huosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha huenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hii nayo ni sababu ya kukagua. Mafundi wakivua bati ghafla mchana, mamia ya popo hutapakaa kwenye vyumba na nyumba za jirani, na hapo ndipo watu na popo hugusana.

Sheria zipo. Zanzibar inayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, ZEMA. Mradi mkubwa haupaswi kuanza kabla ya tathmini ya athari kwa mazingira. Mji Mkongwe una mamlaka yake, na tangu mwaka 2000 uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba ya mwalimu haimo kwenye makundi hayo, wala kile kiwanja cha jirani. Na hata katika tathmini kubwa nilizowahi kuzisoma kwa kazi yangu, waandishi walikwenda asubuhi: wanaorodhesha miti, ndege, kasa, kima punju, kisha wanarudi ofisini. Mnyama wa usiku hana wa kumwandika. Naamini kwa dhati kwamba jioni mbili tu, moja wakati wa mvua na moja wakati wa kiangazi, ziongezwe kwenye masharti ya tathmini, na kwa nyumba ndogo sheha apewe fomu ya ukurasa mmoja yenye swali kuhusu dari, birika, kisima na pango. Wataalamu wanatoka vyuoni kila mwaka na hawana kazi. Kifaa kimoja huhudumia wilaya nzima.

Anayesema haiwezekani kwetu aende Pemba. Popo mkubwa wa Pemba hapatikani kwingine duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa hufika kama mita moja na nusu. Jamaa zake wako Komoro, Madagaska na Asia, na hakuna hata mmoja aliyefika Afrika bara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache, kwa kuwindwa na kwa kukatwa miti wanayolala, hata ikahofiwa watatoweka. Wanavijiji, wa Kidike wakiwa miongoni mwao, wakaamua kuilinda miti hiyo na kuwapokea wageni wanaokuja kuwatazama. Miongo miwili baadaye walihesabiwa zaidi ya 20,000. 

Asubuhi fundi alikuja mapema na penseli sikioni. Mwenyeji wangu akamchorea kwenye mgongo wa ramani yake mwenyewe. Kenchi ya upande wa machweo itengwe kwa ukuta wa mbao, kuanzia dari mpaka bati, ili harufu na kinyesi visishuke vyumbani. Ufa uachwe, upana ule ule. Mfereji wa maji ya mvua uhamishiwe upande wa pili wa paa, mbali na pembe ile, na tangi lifungwe. Upande mwingine wote uzibwe, lakini kwa utaratibu: kwanza uninginizwe wavu mwepesi juu ya kila tundu, ulioachwa wazi chini, popo atoke na asiweze kurudi, baada ya siku kadhaa bila anayetoka, ndipo saruji. Kazi isianze wakati kuna watoto wasioweza kuruka, kwani mama wakizuiwa nje watoto hufia ndani, na harufu ya hapo hakuna mgeni atakayeivumilia. Fundi alipiga hesabu ya mbao na misumari, akataja bei, mwalimu akasema ni chini ya alichokuwa amewatengea wapuliza dawa.

Bibi alitaka kujua maji yatakuwa safi tangu siku gani. Aliambiwa: siku mfereji utakapohamishwa. Akamwambia fundi aanze na mfereji.

Mtoto wa Maskati akapiga simu tukiwa bado barazani. Mwalimu alimweleza yote kwa utulivu, pamoja na idadi tuliyoihesabu, kisha akasikiliza. Kijana aliuliza kama wageni wanaweza kuonyeshwa popo wakitoka jioni. Mwalimu akamgeukia mwenyeji wangu, naye akajibu kwamba wanaweza, wakikaa mbali na wasimulike.

Likabaki birika. Kamba zimeshavutwa na shimo la msingi litapita juu yake. Mwenyeji wangu anahesabu kwamba kusogeza nyumba ile mita kumi na mbili kuelekea barabarani kutatosha, na kiwanja kina nafasi. Sheha alisema mwenye kiwanja ni mfanyabiashara anayeishi Dar es Salaam, ana duka Kariakoo, na kwamba ni mtu wa kusikiliza akiendewa kwa heshima. Ripoti yetu, kurasa tatu na ramani iliyochorwa kwa mkono, nimekabidhiwa mimi niipeleke dukani kwake kabla wachimbaji hawajaanza Jumatatu.